Mafiga ya Bi Mwanahawa

Mjinga wa siku ile nilikuwa mimi, na naungama mapema kabla Omari, mwenzangu wa gereji, hajawahi kunisemea. Nilisimama katikati ya gereji, mlango wa gari umenikaa kifuani kama mtoto aliyekataa kushuka, na kila nilipoujaribu kwenye nafasi yake ulikataa kuingia. Asubuhi hiyohiyo nilikuwa nimeutoa hapohapo.

Gari lilikuwa la mbio, la viti viwili, mali ya mama mmoja wa Kizungu wa Magamba. Mumewe alipofariki lililala bandani miaka kumi na miwili, kuku wakitagia kitini. Mwaka wa hamsini na mbili akalileta Lushoto, akataka liwe kama zamani. Ngozi yake ilikuwa bati jembamba. Chini ya bati, mifupa ya mbao. Mbao! Nilicheka mpaka nikakaa chini.

"Fundi," nilimwambia Mzee Samsoni, "hili si gari, hili ni kabati lenye mwendo."

Samsoni hakucheka. Yeye ndiye aliyeniokota. Kiwanda cha mbao kilinifukuza kwa sababu ya ulimi wangu, shamba la mkonge likanifukuza kwa ulimi huohuo, nikapanda mlima kutoka Mombo kwa miguu na shati moja. Bwana Hassani, mwenye gereji, mtu wa Tanga, hakutaka hata kuniangalia mara ya pili. Samsoni akamwambia, "Mchukue. Akiharibu, utufukuze wote wawili." Na alikuwa na watoto sita.

Wiki ile alikwenda Vuga kumzika mjomba wake. Akaniachia maneno machache: "Toa madigadi, toa boneti, toa taa. Kila boliti irudishe kwenye tundu lake. Milango usiiguse mpaka nirudi."

"Kwani inauma, fundi?"

"Usiiguse, Idd."

Niliigusa. Wala si kwa ubishi. Nilitaka akirudi na uchovu wa msiba akute kazi imekwisha, akae anywe chai. Ndiyo shukrani niliyoijua. Madigadi yalitoka huku kutu ikinimwagikia machoni, boneti ikafuata, na kufika saa nne milango yote miwili ilikuwa imeegemea ukuta. Nikafungua boliti za chini, nikamwita Omari na wachukuzi wawili wa sokoni. Tukaibeba bodi, nyepesi kama tenga la kabichi, tukaiweka juu ya magogo mawili, moja mbele, moja nyuma. Nikapiga mluzi.

Mbao ikaguna.

Pale katikati, milango ilipokuwa, bodi ikazama taratibu, kama kitanda cha kamba kinapokaliwa na mtu mzito. Mbao za chini zilikuwa zimeoza kwa ndani. Milango ndiyo iliyokuwa ikizisaidia kusimama. Nafasi ya mlango ikafinyika kwa juu vidole viwili. Vidole viwili, na ndani yake niliona watoto sita wa Samsoni.

Mbele ya gereji aliuza uji Bi Mwanahawa, mama wa Lukozi. Kila asubuhi, baada ya shikamoo, nilimwambia kwamba ukungu wa Magamba ni mzito kuliko uji wake. Sasa alikuja akifuta mikono kwenye kanga.

"Ulipotoa mlango wa kwanza nilisema, sasa ataweka nguzo. Ulipotoa wa pili nikaacha kukoroga."

"Nguzo gani, mama?"

"Wee Idd, kwenu hamjawahi kung'oa fremu ya mlango kwenye nyumba kuukuu? Unategemeza kwanza, ndipo unang'oa."

Hakungoja nijibu. Akaepua sufuria, uji bado mbichi, akaumwaga mtaroni, na wateja wake wakabaki na vikombe vitupu. Mafiga yake matatu akayaviringisha kwa gunia lililolowa maji, yakichemka na kutoa mvuke, mpaka chini ya tumbo la gari. Mimi nikashika jeki, yeye akashika amri.

"Kidogo, mwanangu. Sasa ngoja. Mti nao unavuta pumzi."

Nusu mzunguko, kabari moja juu ya figa, tunangoja. Nusu mzunguko tena. Alasiri ilipoingia, mlango ukaingia nao, ukajifunga bila kusukumwa. Nikafunga miti kwa ndani, ikingame nafasi zote mbili. 

Magari niliyoyavua nguo tangu siku ile siyajui idadi. Hakuna hata moja ambalo sikulifunga mti kabla ya kugusa bawaba, hata yale ya chuma kitupu yasiyohitaji. Mafundi wenzangu hunicheka. Nawaacha wacheke, mimi huwa nawaamkia kimoyomoyo Samsoni na mama wa uji.

Kesho yake Samsoni alirudi kutoka Vuga, vumbi la njia bado miguuni, akamkuta Bwana Hassani amesimama mbele ya mawe yale meusi kwa masizi.

"Mafiga!" Hassani alikuwa akipiga kelele. "Mwenye gari anakuja mchana, akute limetelekwa kama maharage! Na wewe Samsoni, ulisema niwafukuze wote wawili."

 Samsoni alipitisha kidole kuzunguka mlango, akaufungua, akaufunga, akaufungua tena. Kisha akanigeukia.

Kwa mara ya kwanza maishani sikuwa na utani. "Kosa ni langu, Bwana. Fundi alinikataza."

"Basi chukua shati lako uende! Hii ni gereji au jiko?"

Bi Mwanahawa alikuwa amekuja kuuliza habari za mafiga yake. Akaweka sufuria tupu chini.

"Leo ni jiko, Bwana Hassani. Jana niliepua uji mbichi kwa ajili ya huyu. Yeye mwenyewe bado mbichi, humwepui."