Sifuri ya Chini ya Bahari

Saa tatu asubuhi haijagonga, na Verna Naquin keshagombana na watu watatu. Chumba cha kusimamia dharura kule Houma, mji wa pwani, kilikuwa kimejaa wakubwa wa kampuni ya mafuta kutoka Houston, viatu vinang'aa, ndimi kali, kila mmoja na haraka zake. Saa sita mchana meli ingeanza kusukuma tope zito la kuziba ndani ya kisima cha mafuta kilichopasuka futi elfu tano chini ya Ghuba. Nguvu ya pampu ilipangwa kwa hesabu ya Verna mwenyewe, mhandisi wao: mapipa elfu kumi na mbili yanavuja kila siku.

Na sasa Verna alikuwa na hakika kwamba hesabu yake ni mbovu.

"Geji ya presha pale kisimani inaonyesha pauni elfu mbili mia tisa kwa inchi ya mraba," alimwambia Haddox, mkuu wa kazi. "Tulidhani iliwekwa sifuri kule juu, melini. Ndiyo maana tukatoa presha ya bahari yenyewe, elfu mbili mia mbili, tukabaki na mia saba. Lakini marubani wa roboti za majini wa huku kwetu huiweka sifuri kule kule chini, kabla ya kuichomeka kisimani. Kama ndivyo, presha ya bahari imeshatolewa. Hiyo elfu mbili mia tisa yote ni ya kisima."

"Kwa hiyo?"

"Presha ikiwa mara nne, mafuta hutoka mara mbili. Pampu zitazidiwa na gesi itapanda na bomba mpaka juu. Pale melini kuna watu kumi na wanne."

"Daftari la roboti linasemaje?"

"Halisemi. Kwao ni kama kufunga kamba za viatu, nani ataandika?"

"Basi muulize rubani."

Rubani mwenyewe, kule melini, ni Alcide Voisin, na mpaka miezi mitano nyuma alikuwa mumewe. Verna angependa zaidi kung'olewa jino. Alichukua redio.

"Alcide, ile geji uliiweka sifuri wapi?"

"Ohoo! Mheshimiwa shahidi!" Sauti ilijaa chumba kizima. "Leo unaniuliza mimi? Si ulimwambia jaji wa talaka yetu kwamba naandika saa ambazo sikufanya kazi? Nenda kamuulize jaji, atakupa hiyo sifuri."

Watu wakacheka. Verna aliisogeza redio karibu na mdomo.

"Utanitukana baadaye. Wapi?"

"Chini! Kama siku zote. Baba yako ndiye aliyenifundisha, na yule angalau alikuwa na haya."

Verna alimgeukia Haddox. "Umesikia. Simamisha. Mwambie aichomoe aiache majini, tuone inasoma ngapi. Ikisoma sifuri, basi ni kweli."

"Kuichomoa, kuirudisha na kupanga upya ni nusu siku, na kesho dhoruba inaingia." Haddox aliegemea kiti. "Unataka niipoteze kwa neno la huyo? Kiapo chako cha mahakamani nimekisoma, mama. Wanasheria wetu waliniletea. Umeandika kwamba hakuna daftari la Alcide Voisin linaloaminika. Sasa niambie, ulidanganya siku ile au unadanganya leo?"

Verna aliitazama picha ya kamera ya roboti kwenye ukuta, mafuta meusi yakifoka kutoka kwenye bomba lililovunjika, hayachoki, hayana habari na mtu. Alimchukia Haddox. Alimchukia Alcide, ambaye alikuwa anapumua redioni kwa makusudi ili asikike. Zaidi ya wote alijichukia mwenyewe, kwa sababu jibu alikuwa nalo.

"Siku ile," alisema.

"Sikusikia."

"Nimesema siku ile! Nilidanganya mahakamani. Saa zake alikuwa anaandika sawasawa. Nilitaka jaji amwone tapeli, anipe mimi nyumba, na niliipata. Haya, umeridhika? Chomoa hiyo geji!"

Haddox akainama kwenye redio yake. "Voisin. Ichomoe."

Ilichukua saa moja na dakika kumi. Mwanamke wa kuleta kahawa alimruka Verna kana kwamba kiti chake kiko kitupu. Kwenye ukuta mkono wa roboti uliivuta geji taratibu, ukaishika katikati ya maji matupu ya bahari. Namba zikashuka, zikashuka, zikasimama.

Sifuri.

"Ondoeni watu pale melini," alisema Haddox. "Tope hakuna leo." Hakusema ahsante, na Verna hakuitegemea. Alivuta karatasi, akaikata elfu kumi na mbili kwa mstari mmoja, akaandika elfu ishirini na nne.

Redio ikakoroma.

"Bosi," alisema Alcide, kwa upole ambao Verna alikuwa hajausikia tangu mwaka wa kwanza wa ndoa. "Mazungumzo ya redio hii yanarekodiwa?"

"Kila neno," alijibu Haddox.

"Basi naomba nakala. Mwanasheria wangu ataifuata leo."