Tuta Langoni kwa Raili

"Tellervo amepiga simu tena," alisema Marketta, akimsogezea Ilpo kikombe cha kahawa. "Safari hii kapiga na picha."

Marketta ndiye msimamizi wa madereva wa theluji upande ule wa mji wa Oulu, binti mdogo mwenye maneno makali na moyo laini. Alimwekea Ilpo simu mbele ya pua. Pichani, langoni kwa huyo Tellervo kulikuwa na tuta la theluji lililomfika mtu kiunoni. Ng'ambo ya kichochoro, langoni kwa Raili, pamesafishwa kama meza iliyopigwa kitambaa.

"Trekta likipita linaacha tuta," alisema Ilpo. "Ndiyo kazi yake."

"Kwa kila mtu, mzee wangu. Huyu unamwachia mawili, yule hata moja humwachii. Kwani yule mama ni nani?"

Ilpo akanywa kahawa.

"Haya, usiniambie. Lakini leo kila mtu apate tuta lake. Tellervo akipiga tena, kichochoro kile nampa mwenzako Petteri, na wewe nakupeleka uwanja wa ndege."

"Nimekusikia."

Akavaa kofia yake, akatoka.

Sasa, kazi yenyewe iko hivi. Jembe la chuma mbele ya trekta hulazwa upande wa kulia, theluji ikamwagika pembeni nyumba hadi nyumba, na kila lango likazibwa. Watu huamka, humtukana dereva na ukoo wake, halafu huchukua mabeleshi. Majira ya baridi ndivyo tunavyoishi, hakuna anayeona ajabu. Ila Ilpo akifika kwa Raili alikuwa akiligeuza jembe kushoto kidogo, mzigo wote ukavuka kwa Tellervo, kisha akalirudisha. Mara ya kwanza mkono ulifanya hivyo wenyewe. Baadaye ikawa ndiyo sababu ya kuamka.

Raili alikuwa mkewe. Niseme bado ni mkewe, maana hakuna aliyekwenda mahakamani. Walikosana kwa sababu ya jiko la sauna, ambalo Ilpo aliahidi kulitengeneza tangu majani yalipoanza kuanguka na alikuwa bado hajaligusa. Raili akasema, "Kama unaondoka, ondoka." Bwana mkubwa akabeba mfuko, akaenda kwa kaka yake, siku mbili tatu hasira zipoe. Zikapoa. Lakini yeye akangoja aitwe, na Raili naye akangoja mlango ugongwe. Watu wazima hao. Kila mmoja akakaa na ukaidi wake, na miaka ikawapita.

Na alimkosa, jamani. Alikosa kumsikia akikohoa chumba cha pili. Alikosa kukosolewa namna anavyokata mkate. Kwa kaka yake hakuna anayemkosoa, anakata mkate vyovyote apendavyo, na haumpendezi.

Alipoingia kichochoroni kulikuwa kunapambazuka, mwanga ule wa buluu usioamua kama ni usiku au mchana. Jana kulikuwa na vuguvugu, kwa hiyo theluji ilikuwa nzito, ya maji. Ilpo alipita nyumba ya kwanza, ya pili, mkono kwenye wenzo wa jembe. Jikoni kwa Raili taa ilikuwa inawaka.

Akiacha tuta, atakuwa amelifuta neno pekee alilokuwa akimwambia mkewe miaka yote hii. Asipoliacha, atanyang'anywa kichochoro chenyewe, na hata lile dirisha hataliona tena. Mkono ukataka kugeuka; akaushika kwa mkono wa pili.

Theluji ikamwagika. Alipotazama kiooni, lango halikuonekana.

"Nisamehe, mama," alisema peke yake mle ndani.

Akaenda hadi mwisho wa kichochoro, akageuza, akaanza kurudi kwa upande wa Tellervo. Hapo ndipo alipoona mlango wa Raili uko wazi, na mtu anapanda juu ya tuta kwa mikono na magoti. Alivuka, akasimama katikati ya njia, mkono mmoja juu. Ilpo akakanyaga breki.

Taa kubwa zilimpiga Raili usoni. Alikuwa amekonda. Alivaa koti juu ya nguo ya kulalia, na miguuni viatu vya ndani.

"Wewe kijana," aliita, akikinga macho, "zima hizo taa, nina swali."

Ilpo akazima. Akafungua mlango wa trekta.

"Dereva wa siku zote yuko wapi? Anaumwa?" Raili alisogea, akashika chuma cha jembe kwa mkono mtupu. "Huyo haachi tuta kwangu hata siku moja. Kama amekufa niambie tu, usinifiche. Mimi ni mke wake."

Ilpo akateremka.

"Hajafa," alisema. "Tellervo kanishitaki."

Raili alimtazama. Akakiachia kile chuma.

"Mpumbavu wewe," alisema polepole. "Ona, nimetoka na viatu vya ndani."

Ilpo alichomoa beleshi ubavuni mwa trekta, akaanza kulikata tuta. Raili hakungoja. Alilipanda tena, akashukia upande wa nyumba, akainama, akawa anakomba theluji kwa mikono akiisukuma kando. Katikati ya kichochoro trekta lilinguruma peke yake, mlango wazi, na taa ya njano ya tahadhari juu ya paa ikawa inazunguka, inampita Raili usoni, inaondoka, inarudi.