Nyumba Isiyo na Ugomvi

Kazini walimwita Bi Shaka, maana hata akiambiwa chai ina sukari lazima aonje kwanza. Kazi yake ilikuwa kuthibitisha kwa hesabu, si kwa kujaribu-jaribu, kwamba programu zinazofanya kazi kwa pamoja hazitakwamana. Safari hii zilikuwa mbili, ndani ya mashine ya kusukuma damu wakati moyo wa mgonjwa umesimamishwa: moja inasukuma, nyingine inalinda. Na mgonjwa wa kwanza kuunganishwa nayo, kesho yake, angekuwa mama yake mzazi.

Aliipa kompyuta masharti ya kukagua, na uthibitisho ukapita kufumba na kufumbua. Akafurahi, akaegemea kiti, jua la mchana likampapasa shingo, usingizi ukamwiba.

Akajikuta katika nyumba kubwa nyeupe. Kila chumba alichofungua kilikuwa shwari: pazia linapepea, sakafu inang'aa, hakuna anayegombana na mwenzake. Akatembea kama anaelea, raha tupu, mlango baada ya mlango, mpaka akatamani kumsalimu mwenye nyumba. Hakumwona. Hapakuwa na mtu katika chumba chochote. Ndiyo maana hapakuwa na ugomvi.

Akaamka ghafla. Akayasoma upya masharti aliyoipa kompyuta: moja lilipingana na jingine. Hali ambayo yote mawili yangetimia haipo duniani, kwa hiyo kompyuta haikukuta cha kukagua, ikasema salama. Bi Shaka, siku hiyo moja, alisahau kushuku.

Mficha uchi hazai. Akampigia daktari wa upasuaji, akasema kosa ni lake, mashine isitumike. Upasuaji ukaahirishwa. Mama, aliyekuwa amengoja miezi na miezi kwa pumzi za kuazima, akageukia ukutani. Hata shikamoo ya bintiye hakuiitikia.

Akarekebisha masharti, akairudisha kompyuta kazini. Jioni ikajibu: si salama. Akaenda wodini, akaketi ukingoni mwa kitanda.

"Nimewakuta, Mama. Anayesukuma anasubiri ruhusa ya mlinzi, na mlinzi anasubiri anayesukuma amalize. Wote wamesimama."

Mama akageuka polepole. "Na damu yangu je?"

"Ingewasubiri."

Mama akauchukua mkono wa bintiye, akauweka kifuani pake, pale ambapo wangepasua, akaushikilia hapo mpaka wote wawili wakasinzia.