Kituo Namba Nne, Mnada wa Sitini na Moja

...dakika mbili na sekunde kumi, namba za rekodi ya mama kwenye kioo cha simu yake zilikimbia kana kwamba zimetumwa, zikifika nne na nusu mama angesema, na Baltazar angesikia, kaka yake huyu aliyesimama naye bega kwa bega mbele ya picha ya mnada kwenye ukuta wa boma la zamani, sasa makumbusho, kofia mkononi kama yuko kanisani, hedifoni zimeziba masikio yote mawili, yeye amevaa zake sikio la kushoto tu, na kosa ni la nani, Philomena, kosa ni lako, nani alikutuma umpeleke mtu na kinasa sauti mpaka jikoni kwa mama... lakini mama mwenyewe alitaka, alisema acha niseme, siri hii nimechoka kuibeba, akasema, kisha mwaka jana akafa akamwachia yeye kuibeba, na yeye alipotafsiri kwa Kiswahili aliiruka sehemu ile kama mtu anavyoruka dimbwi, akasoma kwa sauti yake ya ualimu habari za ng'ombe na chumvi ya magadi, akarudi nyumbani akalala usingizi mnono, kumbe Onesphory, fundi wa sauti, mtu wa Morogoro asiyejua Kiiraqw hata cha kuombea maji, aliiacha sauti ya mama chini ya tafsiri, na palipobaki pengo akaipandisha, amemwambia asubuhi hii, anachekelea, "Mwalimu, pale uliponyamaza nimemwacha bibi aongee peke yake, inasisimua sana," inasisimua kweli, na kabla hajafungua mdomo kusema kata, toa, Baltazar alikuwa ameshafika, shikamoo kaka, marahaba, ameshabonyeza...

dakika tatu, uzinduzi wa maonyesho ni Jumamosi, leo ni ndugu tu wa waliorekodiwa, wasikilize kwanza, ingetosha asisikie leo, kesho ingekatwa na hakuna ambaye angejua, Bwana nisaidie, mguse bega, mwambie unaumwa, anguka hapa chini kwenye changarawe, mwanamke wa miaka hamsini na minane aanguke kwa kusudi, apakatwe na walinzi wa boma... tatu na ishirini, kwenye picha wale wanawake wa mnadani walimtazama kama wanamngoja, na pembeni, mbali kidogo na wenzake, yule msichana wa nguo ya ngozi, mtoto mgongoni, na maandishi chini yake, mwanamke wa Kibarbaig na mwanawe, hivyo alivyoandika mzungu mwenye kamera, na watu wa kumbukumbu wakanakili bila kuuliza, mzungu aliona nguo akaona Mbarbaig, angejuaje kwamba chini ya ngozi ile kuna binti wa Kiiraqw wa miaka kumi na saba... "Huyu Mbarbaig mdogo anafanana na mtu," Baltazar alisema kwa kelele, kama wasemavyo wenye hedifoni, akasogea mpaka pua ikakaribia kugusa picha, "Anafanana na nani, kaka?" hakusikia, afadhali hakusikia, ni wewe huyo mgongoni, kaka, hicho kichwa ni chako...

tatu na hamsini, na walimtoa bila kumpiga, mama alisema, ndugu zake wenyewe, mimba bila mume haikuruhusiwa kuzaliwa ndani ya nchi, ingewaharibia watu wote mvua, walimsindikiza mpaka kwenye mpaka, kijito tu, wakasimama upande wao wakamtazama anavuka, akashuka peke yake mpaka tambarare za Hanang, mke wa Mbarbaig mmoja, Gidahosh, akamkuta kisimani, akampa maziwa, akampa ngozi yake ya pili, akamzalisha kwa mikono yake, mtoto dume, kisha baada ya miaka miwili baba yao Akonaay akashuka na ng'ombe, akamwoa pamoja na mtoto, akasema huyu ni wangu, akafa anasema ni wangu, na leo mtoto huyo ndiye mkubwa wa ukoo, ndiye mwenyekiti wa kanisa, na wiki tatu zilizopita ndiye aliyeweka begi la binti yake Violeth nje ya mlango, "Nyumba yangu haizalii aibu," ndivyo alivyosema, na Violeth sasa yuko jikoni kwa shangazi yake huyu anamenya viazi na tumbo lake, anakula kidogo kama mgeni, na Baltazar ana presha, akisikia ataanguka yeye, si mimi, ataanguka hapa mbele ya picha yake mwenyewe... nne na kumi na tano, ishirini...

"Philomena, yangu imekwama." Alichomoa hedifoni, akamwonyesha simu, kiduara kinazunguka, kinazunguka, bando limekwisha, mtandao umekata, vyovyote, asante Mungu, pumzi ikamtoka mpaka akaona aibu, "Basi tuendelee kituo cha tano," alisema kaka yake, "hapa nimeshaelewa," na yeye akatikisa kichwa ndiyo, ndiyo, tuendelee, kesho Onesphory atakata, sekunde arobaini tu, kazi ya kidole kimoja, na mama atakuwa ametolewa vizuri... atatolewa, bila kupigwa, na nitakuwa nimesimama upande wangu wa kijito namtazama anavuka, na Violeth anamenya viazi, na huyu hapa anarudisha kofia kichwani, ameshaelewa, na hofu haikuwa imepungua hata chembe, ilikuwa imegeuka tu upande, sasa alimwogopa kaka asiyesikia. Kwenye sikio lake la kushoto tafsiri ilinyamaza. Mama alivuta pumzi. Alizivua hedifoni, akazishika kwa waya.

"Subiri, kaka," alisema, "chukua yangu."