Vidole vya Bibi Nyamaza

Mashine ilimkataa shangazi mara ya tatu, nami nikaanza kufoka, utadhani kufoka kunaotesha alama za vidole.

"Mama, tulia," askari aliniambia. "Vidole vyake havisomeki. Bila alama hatuwezi kujua kama ana rekodi ya makosa, kwa hiyo cheti cha tabia njema hapati."

"Miaka yote hii analea watoto! Kila mzazi anamjua!"

"Mashine haina sehemu ya kuandika 'tunamjua'."

Tena sheria hiyo ya cheti mimi mwenyewe naiunga mkono. Asiyechunguzwa asiguse mtoto, basi.

Chekechea ni yangu. Shangazi, ambaye watoto wanamwita Bibi Nyamaza, ndiye anayefua nepi na mashuka, kisha anawalaza wachanga. Dawa ya madoa imemla ncha za vidole mpaka zikawa laini kama mgongo wa kijiko. Askari alishauri apumzishe mikono, ajipake mafuta, asiguse sabuni, arudi kabla mwezi haujaisha. Baada ya hapo, asiye na cheti havuki geti la chekechea.

Nikalifungia beseni stoo pamoja na dawa yake, nikawa nafua mwenyewe kwangu jioni.

"Hayo mashuka unayafua au unayabembeleza?" shangazi alinitania.

Kila asubuhi tulivikagua vidole vyake dirishani, kama watu wanaotafuta jino jipya la mtoto. Vimistari vikaanza kuonekana. Nilifurahi, sikufichi.

Siku ya mwisho mashine ikakataa tena. Nikamshika mkono, nikaunusa. Dawa ya madoa.

"Shangazi, umefanya nini?"

"Juzi ulipotoka, wachanga wote waliharisha. Mashuka yakaisha. Nikavunja kufuli la stoo." Akaificha mikono ndani ya khanga. "Ulitaka niwalaze kwenye uchafu, mwanangu?"

Nikamgeukia askari. Naye alijifanya anapanga kalamu zake.

Kesho yake shangazi alikuja kazini kama kawaida. Nilimsimamisha nje ya geti, mimi mpwa wake, macho yangu yakiwa kwenye viatu vyake. Ndani, mlezi mpya mwenye cheti alikuwa akihangaika na mtoto mdogo kuliko wote, aliyelia hadi sauti ikamkauka. Nikampokea, nikaja naye karibu na geti.

"Mpigepige mgongoni, taratibu," shangazi alisema kutoka upande wa pili. "Halafu mwambie nyamaza."

Nikampigapiga. Nikamwambia nyamaza.

Hakunyamaza.