Matairi Mapana ya Kubebea Nyuki

Nyuki wakifungiwa mzingani jua la mchana likawakuta, wanakufa. Hilo halina mjadala. Mizinga kumi na minne ya mke wa dereva ilitakiwa kuvuka kesho yake na kufunguliwa kabla ya saa nne asubuhi, na hadi magharibi ile dereva mwenyewe alikuwa bado hajakata shauri juu ya matairi.

Huku maua yalikuwa yamekwisha. Ng'ambo ya uwanda wa mchanga miti ilikuwa imechanua. Njia ilikuwa moja tu: kilomita mbili za tope jeusi, kisha thelathini za mchanga.

Fundi tairi, kaka wa mkewe, alikuwa ameegemeza seti mbili ukutani pale uani. Membamba yalikuwa ya gari lenyewe. Mapana alikuwa anamwazima.

"Shemeji, unachagua tairi au unachumbia?"

"Niache nifikiri."

"Ufikiri nini? Tairi jembamba linakata tope, linashuka mpaka likute ardhi ngumu. Pana linakaa juu kama bata. Mchangani utaringa nalo, lakini kwenye tope utateleza kama sabuni."

Mkewe alikuwa ameinama akiziba midomo ya mizinga kwa wavu, maana nyuki walishaingia kulala. "Weka membamba, baba watoto. Mchangani tutapunguza upepo, twende mwendo wa kobe, lakini tutafika."

"Yatawarusharusha nyuki wako."

"Nyuki hawajalalamika. Anayelalamika ni mgongo wako."

Dereva alicheka, lakini moyo wake ulishahamia kwenye mapana. Aliinamisha shavu juu ya mzinga. Mvumo ulimpanda kwenye mfupa wa taya, mzito na wa taratibu, kama pumzi ya watu wengi waliolala chumba kimoja. Alijiona akielea juu ya mchanga, na nyuma yake nyuki wasijue hata kama wamehama. Tena kilomita thelathini za mchanga na mbili za tope si sawa, wengi wape. Akafunga mapana.

Waliondoka alfajiri ndani ya ukungu. Taa za gari zilikuwa viini viwili vya yai, na miti ilikuwa ikija na kwenda bila kishindo. Mkewe alisinzia. Katikati ya tope dereva alihisi usukani umekuwa mwepesi, mwepesi mno, kama ameshika sahani. Gari halikuzama. Lingezama lingekuta chini pagumu. Liliteleza kiubavu polepole, kama mtu anayejigeuza kitandani, likaingia mtaroni.

"Mama watoto, usiseme kitu."

"Sijasema."

"Unasema kwa macho."

"Basi chimba, macho yangu yapumzike."

Ilikuwa saa moja asubuhi. Alichimba, akakata matawi, akayatandika. Matairi yaliyazungukia matawi yale, yakayatema. Jua lilitoka likalamba ukungu wote. Saa tatu mvumo wa mizinga ulipanda, ukawa mkali kama mafuta ya kukaangia.

"Tuwafungue," alisema.

"Tukiwafungua hapa, nani atashika jembe? Watatuua. Tena watatawanyika, tuwangoje mpaka jioni." Mkewe alichukua madumu mawili ya maji yao ya kunywa, akalowesha magunia yote, akaifunika mizinga. Hakumtazama mumewe. Saa nne magunia yalikuwa yamekauka.

Gari lilitoka saa tano na nusu.

Mchangani mambo yakawa vile vile alivyoyaota. Matairi yalipita bila sauti. Mbele kulikuwa na maji yasiyokuwepo, yanang'aa, yanarudi nyuma kila wanapoyakaribia, na gari lilielea kuyafuata. Hakuna shimo, hakuna mtikisiko. Maisha yake yote hakuwahi kuendesha vizuri namna ile. Nyuma mvumo ulishuka, ukashuka tena, ukawa uzi mwembamba. Joto lilikuwa limemlegeza kope.

"Umewasikia? Wamelala," alisema, sauti yake ikimjia kama ya mtu aliye chumba cha pili.

Mkewe aligeuza uso dirishani. "Endesha tu."

Walifika saa saba kasoro robo. Chini ya miti ile nyeupe nyuki wa porini walikuwa wakifanya kazi yao. Mkewe alifungua mizinga mmoja mmoja, akisubiri kidogo kwenye kila mlango. Kwenye baadhi, nta ilikuwa imeyeyuka, na asali ilichuruzika chini ya gari ikiwa na mabawa ndani yake. Dereva alisimama na kofia mkononi. Alitaka atukanwe. Hakutukanwa.

Mkewe alikuwa ameanza na mzinga mmoja, miaka sita nyuma. Kati ya kumi na minne, tisa ilikuwa imekufa. Iliyobaki ni mitano, na mmoja katika hiyo mitano hauna malkia.