Darasa la Bure

Fundi bomba alikwisha sema mara chungu nzima kwamba mkewe amekufa, na kila aliposema aliambiwa, "Veri gudi."

Ndivyo darasa la bure lilivyokwenda. Chuo kilifunza vijana waende ng'ambo kufundisha Kiingereza, na kijana hawezi kujaribia kazi kwenye viti vitupu, basi watu wazima wa mtaani wakawekwa mbele yake. Kundi likihitimu linapanda ndege. Linakuja jingine, somo linarudi palepale: jina lako nani, una watoto, una mke? Punda wa kinu huzunguka, unga wanakula wengine.

Hakufuata cheti yeye. Bintiye alisomea chuo hichohicho, akaenda kufundisha, akaolewa hukohuko, na mjukuu hajui Kiswahili. Marehemu mkewe ndiye aliyekijua Kiingereza cha kuongea na mtoto kwenye simu. Sasa mtoto akiuliza kitu, babu anacheka kama aliyebanwa kidole na mlango. Alitaka tu kumwambia mjukuu bibi yake alikuwa mtu gani.

Siku hiyo zamu ilikuwa ya msichana mmoja mwembamba, chaki mkononi. Mkuu wa chuo alikaa nyuma, kakunja nne, anampa alama.

"Una mke?" msichana akauliza kwa Kiingereza.

"Amekufa."

"Veri gudi." Kisha akasikia alichosema. "Jamani. Baba, nisamehe."

"Si wewe, mwanangu. Mmefunzwa hivyo. Hata nikisema nyumba inaungua mtanisifu."

"Mimi juzi nilisema nimeibiwa," akadakia muuza mitumba wa kiti cha pili, "nikapigiwa makofi."

Fundi hakucheka. "Nifundishe hivi: bibi yako alikuwa mbishi, na alikupenda kuliko sote."

"Endelea na somo ulilopanga," mkuu akamwambia msichana. "Mzee, darasa hili ni la walimu, si lako."

"Najua. Mimi ni sanamu la duka la nguo, navishwa na kuvuliwa. Mwanangu ulimfunza wewe, ukampeleka huko. Sasa hata neno la kusema na mwanawe unaninyima?"

Msichana akatazama nyuma, akatazama mbele. Akafuta ubao wote, akaandika maneno ya mzee kwa Kiingereza, akamsomesha mpaka ulimi ukalainika. Mkuu akaandika alama, akatoka bila kuaga. Fundi akamwandama mpaka koridoni.

"Umempa ngapi?"

"Amefeli. Hakufuata utaratibu."

"Kafundisha, nimejua. Utaratibu wenu unataka nini tena, damu?"

Mlango ukafungwa usoni pake.

Jumapili akayasema maneno yale kwenye simu. Mtoto akauliza swali refu, sauti imebadilika. Babu hakuambulia kitu. Akacheka kile kicheko chake, akakata simu, akaupiga ukuta ngumi.

Jumatatu kundi jipya lilianza, na msichana yumo, anarudia. Fundi akaburuta kiti hadi mbele kabisa.

"Nimekuja na swali la mjukuu wangu, nimelishika kwa sikio tu, maana yake sijui," akasema, akimtazama mkuu pale nyuma, si msichana. "Na leo mtu asiniulize habari za mke."